Wasiofanana Wakiungana: Vyama Vidogo na Suala la Kuachiana Majimbo

KILA unapokaribia uchaguzi, na hata unapokwisha, huzuka katika mabaraza yetu mjadala ambao aghalabu huishia kwa ghadhabu: je, yafaa vyama vidogo visivyofanana kwa itikadi, wala kwa historia, wala kwa wafuasi, kushikana mikono ili kukikabili chama kikubwa? Wapo wanaosema kuwa huo ni unafiki wa wazi, kwani mtu hawezi kuhubiri soko huria asubuhi na jioni akapanda jukwaa moja na anayehubiri ujamaa. Wapo wanaosema kuwa asiyetaka kuungana amenunuliwa. Sisi twaona kauli zote mbili ni nyepesi mno kwa jambo zito, na ndiyo maana tumeazimia leo kulitazama kwa insafu, ndugu zetu wasomaji, bila ya kumpendelea yeyote.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayozisukuma siasa kuliko falsafa. Katika nchi yetu, mgombea ubunge hahitaji kupata nusu ya kura. Anahitaji kuwapita wenziwe tu. Urais nao, tangu yalipofanyika mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, huenda kwa aliyepata kura nyingi zaidi, hata kama hakufikia nusu. Kwa utaratibu huo, chama chenye wafuasi arobaini katika kila mia huweza kuchukua jimbo zima, ikiwa wale sitini waliobaki wamegawana mafungu matatu. Hakuna wizi wala ramli hapo, bali ndiyo kanuni yenyewe ilivyo. Jirani zetu wa Kenya walilionja jambo hili tangu uchaguzi wao wa kwanza wa vyama vingi baada ya kurejeshwa kwa mfumo huo. Mwezi Disemba 1992 Rais Daniel arap Moi alirudi madarakani kwa takribani asilimia 36 ya kura, ilhali Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga kwa pamoja walikuwa na zaidi ya asilimia 60. FORD, chama kilichoanza kikiwa kimoja, kilikuwa kimekwisha pasuka vipande viwili kabla ya siku ya kura. Mwaka 1997 mambo yakajirudia, na Moi akashinda kwa asilimia 40 hivi.

Basi yeyote anayesema kuwa ushirikiano hauna maana, na ajibu kwanza hesabu hiyo.

Lakini hesabu haitoshi. Mwaka 2002 Wakenya waliungana chini ya NARC, Kibaki akapata kura zipatazo asilimia 62, na chama kilichotawala tangu uhuru kikaondoka Ikulu kwa amani. Furaha ile haikudumu. Mkataba baina ya kambi ya Kibaki na kambi ya Raila Odinga ulikuwa wa wakubwa, mikononi mwa wachache, na mara baada ya ushindi upande mmoja ukalalamika kuwa ahadi ya kugawana madaraka imevunjwa. Mwezi Novemba 2005 wakapambana katika kura ya maoni ya Katiba kama maadui. Yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, ambapo watu zaidi ya elfu moja walipoteza maisha na malaki wakahama makazi yao, yalikuwa na sababu nyingi za zamani, za ardhi na za ukabila. Hata hivyo hatudhani kuwa ahadi ile iliyovunjwa haikuwamo miongoni mwa kuni za moto ule.

Kwa kweli katika Kenya falsafa haikuwa neno kubwa, kwani vyama vile vilitofautiana zaidi kwa watu na majimbo kuliko kwa fikra. Anayetaka kuona wasiofanana hasa wakiungana, na atazame Malaysia. Nchi ile ni mfano wenye faida nyingi, nasi tunashangaa kwamba hauzungumzwi zaidi huku kwetu.

Kulikuwa na chama cha PAS, chenye ngome yake katika jimbo la Kelantan, ambacho lengo lake lililotangazwa ni dola inayofuata sheria ya Kiislamu. Na kulikuwa na DAP, chama cha mrengo wa kushoto chenye wafuasi wengi wa asili ya Kichina na Kihindi, ambacho msimamo wake ni dola isiyofungamana na dini. Ukiwatafuta wawili walio mbali zaidi ya hao, utataabika. Hata hivyo mwaka 1999, baada ya kufukuzwa na kufungwa kwa Anwar Ibrahim, waliingia pamoja katika umoja ulioitwa Barisan Alternatif. PAS ikafaidika sana, ikachukua na jimbo la Terengganu. DAP ikaumia. Viongozi wake wakubwa, Lim Kit Siang na Karpal Singh, walipoteza viti vyao, kwa kuwa wapigakura wao wengi walihofu kuwa wameuzwa. Mwaka 2001 DAP ikajitoa, na sababu iliyotajwa ikawa ileile ambayo kila mmoja aliijua tangu siku ya kwanza: suala la dola ya Kiislamu.

Uchaguzi wa 2004 wakaingia kila mmoja kivyake, wakapigwa vibaya. Mwaka 2008 wakaja na hikima nyingine. Hawakuanza na jina wala bendera. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba wasigombanie jimbo moja, ili kila penye mgombea wa serikali asimame mpinzani mmoja. Matokeo yake muungano tawala wa Barisan Nasional ulipoteza, kwa mara ya kwanza tangu 1969, wingi wa theluthi mbili bungeni. Wapinzani walipata viti 82 kati ya 222 na kuongoza majimbo matano. Umoja rasmi, Pakatan Rakyat, ulitangazwa baada ya uchaguzi, mwezi Aprili. Mwaka 2013 walipata zaidi ya nusu ya kura za nchi nzima, ingawa ugawaji wa majimbo uliwaacha na viti vichache kuliko wenzao.

Kisha mwaka 2015 bunge la Kelantan likapitisha mswada wa hudud, na umoja ukafa mwaka huohuo. Hapa watu wa pande zote mbili wana la kujifunza. Wafuasi wa DAP walisema wamesalitiwa. Wafuasi wa PAS nao wakauliza: tumesaliti nini, nanyi mlijua tangu zamani kuwa hili ndilo tunalolitaka? Tukisema kweli, wote wawili walikuwa na hoja. Jambo ambalo waliliacha kando ili washinde lilikuwa limeachwa bila maandishi, na bila kusemwa nani atafanya nini siku litakapoibuka. Lilipoibuka, kila mmoja alitenda kwa mujibu wa dhamiri yake, na dhamiri zao hazikufanana.

Wapo watakaosema kuwa basi ule ushirikiano ulikuwa kazi bure. La hasha. Kwa miaka saba, raia wa Malaysia waliokuwa wameogopeshana kwa vizazi walipigiana kura. Mchina wa mjini alimpigia kura mgombea wa PAS, na Mmalay wa kijijini akampigia mgombea wa DAP, mambo ambayo kabla ya hapo yasingesadikika. Wala PAS haikufa ilipotoka. Katika uchaguzi wa Novemba 2022 ndiyo iliyotoka na wabunge wengi kuliko chama kingine chochote kwa chama kimoja kimoja. Na DAP leo imo serikalini pamoja na UMNO, chama ilichopambana nacho kwa miongo mingi, chini ya Anwar yuleyule. Siasa ina maajabu yake.

Sasa turudi nyumbani, maana huko ndiko kwenye maumivu yetu.

Vyama vyetu vya upinzani vimekuwa vikijaribu kushirikiana tangu mwanzo, ingawa kizazi cha leo hudhani kuwa jambo hilo lilianza mwaka 2015. Mwaka 1995 CHADEMA haikusimamisha mgombea urais, ilimuunga mkono Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi. Mwaka 2000 ilimuunga mkono Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF. Mwaka 2005 na 2010 kila mmoja akaenda na wake. Kisha likaja Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014, na mwezi Aprili mwaka huo wajumbe wa CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na wenzao wakatoka nje ya ukumbi mjini Dodoma wakipinga kuachwa kwa rasimu ya Tume ya Jaji Warioba yenye muundo wa serikali tatu. Hapo ndipo ulipozaliwa Umoja wa Katiba ya Wananchi, UKAWA, na NLD ikiwamo.

Tuangalie jinsi walivyotofautiana. CUF ni chama cha kiliberali, mwanachama wa umoja wa kimataifa wa vyama vya kiliberali, kilichonadi sera yake ya utajirisho. CHADEMA ni ya mrengo wa kulia wa kati, na marafiki zake wa nje ni vyama vya kihafidhina vya Ulaya. Hata hivyo, tofauti iliyokuwa ikiwauma watu haikuwa hiyo ya vitabuni. Iliyokuwa ikiwauma ni ile iliyonong'onwa. CUF ilipakwa rangi kwa miaka mingi kuwa ni chama cha Waislamu na Wapemba. CHADEMA ikapakwa rangi kuwa ni chama cha Wakristo na Wachagga. Maneno hayo yalisemwa majukwaani, na kurudiwa kwenye vijiwe vya kahawa, na kwa masikitiko yetu yalirudiwa hata baada ya swala, kwenye baraza za misikiti. Tunawaandikia wazazi ambao watoto wao waliyasikia maneno hayo wakiwa wadogo, wakayameza wakidhani ni ilimu.

Ndiyo maana twasema kuwa faida kubwa ya UKAWA haikuonekana kwenye karatasi za matokeo. Ilionekana pale mzee wa Temeke aliyeipigia CUF tangu 1995 alipoinua mikono pamoja na kijana wa Arusha aliyekulia katika CHADEMA, na kila mmoja akagundua kuwa mwenziwe hakuwa dubwana alilosimuliwa. Chama si dini. Mtu anaweza kukhitilafiana na jirani yake kuhusu kodi na muundo wa Muungano, na bado akamwachia kiti katika jimbo moja ili naye aachiwe katika jingine.

Na faida za karatasi nazo hazikukosekana. Mgombea wao, Edward Lowassa, alipata takribani asilimia 40 ya kura, kiwango ambacho mpinzani hakuwahi kukifikia tangu mwaka 1995. Ukijumlisha na viti maalumu, CHADEMA iliingia bungeni na wabunge 70, na CUF 42. Umeya wa Jiji la Dar es Salaam ukaenda kwa wapinzani mwaka 2016.

Lakini gharama yake nani aliilipa? Hili ndilo swali ambalo viongozi wa vyama vikubwa miongoni mwa vidogo hawapendi kuulizwa. NCCR-Mageuzi, iliyokuwa na wabunge wanne wa majimbo mwaka 2010, ilitoka na mmoja tu, James Mbatia wa Vunjo. NLD haikupata hata mmoja. Wala hasara haiishii kwenye kiti. Kwa sheria zetu, viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa kuangalia kura za chama, na asiyefikia asilimia tano hapewi kitu. Ruzuku nayo hufuata kura na viti. Kwa hiyo chama kidogo kinapomwachia mwenziwe jimbo, kinamwachia pia kura, na pamoja na kura kinamwachia wanawake wake ambao wangeingia bungeni, na fedha ya kuendeshea ofisi kwa miaka mitano. Anayekitaka kijitoe "kwa maslahi ya taifa" bila kukitajia fidia yoyote anakitaka kijichimbie kaburi kwa hiari. Na pale walipokataa kuachiana, adhabu ilikuwa ya papo hapo: katika Segerea, jijini Dar es Salaam, CHADEMA na CUF wote wawili walibaki kwenye karatasi ya kura, na jimbo likaenda CCM.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo twajua litawakera baadhi ya wasomaji wetu. Umoja ule uliasisiwa juu ya Katiba. Jina lake lenyewe lilikuwa ni la Katiba. Julai 2015 ukaja kusimama juu ya mtu. Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kufuatia sakata la Richmond, na ambaye daima alikana kuwa na kosa, alitoka CCM baada ya jina lake kukatwa, na katika siku chache akawa mgombea wa umoja ambao chama chake kikuu kilikuwa kimemtaja kwa miaka katika kampeni zake dhidi ya ufisadi. Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF mwezi Agosti. Dakta Willibrod Slaa akajiweka kando na siasa mwanzoni mwa Septemba. Twajua hoja ya waliomkaribisha: alikuja na mtandao, na kura, na moyo wa watu wengi. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, na asilimia 40 ni ushahidi wake. Hata hivyo mfuasi wa kawaida aliyekuwa ameambiwa kwamba tunaungana kwa sababu ya serikali tatu na tume huru ya uchaguzi, alijikuta anatakiwa kuungana kwa sababu nyingine, na hakuna aliyemwita mkutanoni kumuuliza.

Mtu huondoka, na Lowassa akaondoka. Mwezi Machi 2019 alirudi CCM, na mwaka 2024 akafariki dunia. Lipumba alirudi mwaka 2016 kudai kiti chake, CUF ikapasuka, kesi zikaenda mahakamani hadi Machi 2019, ambapo Maalim Seif Sharif Hamad na wafuasi wake walihamia ACT-Wazalendo. Wabunge wa CUF wa Kinondoni na Temeke, waliopatikana kwa kura za umoja, walikwisha hamia CCM. Na ile Katiba iliyowakutanisha? Ilibaki palepale ilipoachwa mwaka 2014.

Twatofautiana basi na wale wanaodai kuwa UKAWA ilikufa kwa sababu waliberali hawawezi kukaa na wahafidhina. Hatukuona hata siku moja vyama vile vikigombana kwa sababu ya itikadi. Viligombana juu ya majimbo na juu ya watu. Ilikuwa ni heri kama vingegombana juu ya sera, kwani wananchi wangelijua lipi limebishaniwa.

Ajabu ni kuwa mwaka 2020 jambo hilohilo lilijaribiwa kwa njia ya uchochoroni. ACT-Wazalendo, chama kilichojitambulisha kwa Azimio la Tabora la mwaka 2015 na kurudi kwenye misingi ya ujamaa, kilikuwa na mgombea wake wa urais wa Muungano, Bernard Membe. Lakini Maalim Seif akawataka wafuasi wampigie Tundu Lissu wa CHADEMA, na CHADEMA nayo ikamuunga mkono Maalim kule Zanzibar. Membe akang'ang'ania kuwa yeye ni mgombea halali. Mpigakura wa ACT huku Bara akabaki na karatasi yenye jina la mgombea wa chama chake, na sauti ya kiongozi wake ikimwambia asimchague. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yalikuwa yamekwisha weka utaratibu wa vyama kuungana, mkataba upitishwe na mikutano mikuu na uwasilishwe kwa Msajili miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Wapo wanaoilaumu sheria hiyo kuwa ni kikwazo, na katika baadhi ya vifungu vyake wana haki ya kulaumu. Lakini sharti la kuupeleka mkataba mbele ya mkutano mkuu, sisi hatulioni kuwa ni ubaya. Lingekuwapo mwaka 2015, huenda mengi yasingetokea.

Oktoba 2025 hali ilikuwa nyingine kabisa. CHADEMA haikuwamo katika uchaguzi, na mgombea urais wa ACT-Wazalendo aliondolewa. Vyama vidogo zaidi ya kumi vikaingia, kila kimoja na mgombea wake wa urais, kila kimoja na ilani yake, na mgombea wa CCM akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97. Hatusemi kuwa vyama hivyo vingeungana vingeshinda. Tunasema kuwa zaidi ya wagombea kumi kwenye karatasi moja hawakumpa mwananchi uchaguzi mpana zaidi, walimpa karatasi ndefu zaidi.

Rai yetu, kwa hayo yote, ni kuwa vyama vidogo visivyofanana vishirikiane, na vishirikiane mapema. Ila si kwa kujifanya vimefanana. Kiliberali na abaki mliberali, mjamaa na abaki mjamaa, na wasitungiane ilani moja ya uongo. Waandike mambo machache wanayoafikiana, kama tume ya uchaguzi na Katiba. Kisha waandike, katika karatasi hiyohiyo, yale wanayokhitilafiana, na kila mmoja atakuwa huru kufanya nini yatakapofika bungeni. Malaysia walikosa ukurasa huo wa pili. Kuhusu majimbo, anayeachia aachiwe, na palipo na ruzuku iliyopatikana kwa kura za wawili, igawanywe kwa wawili. Mgombea atafutwe baada ya mkataba, asitangulie mkataba.

Kuna wanachama watakaopoteza kwa utaratibu huu, hilo hatulifichi. Mama aliyekuwa ajiandae kwa kiti maalumu atalala mlango wazi, na diwani kijana ataambiwa asubiri miaka mitano mingine kwa ajili ya mtu wa chama ambacho hakukipenda. Hao ndio wa kwanza kukaa nao, kabla ya kwenda kwa waandishi wa habari na kuinua mikono pamoja. Mikutano mikuu ya vyama hukaa mara chache, na kutoka sasa hadi uchaguzi wa 2030 huenda kila chama kikapata mmoja au miwili tu ya kulizungumza hili kwa utulivu.